Salamu Aliyoiomba Eerika

Eerika alikuwa atoke wodini siku ya Ijumaa. Jumatano niliitwa mimi mama yake niende peke yangu, bila mume wangu Tauno, ili ijulikane kama binti yetu angerudi nyumbani au angepelekwa kwenye makazi ya vijana mjini Oulu. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wetu wa nne kati ya tisa. Mwezi wa kumi na moja alitaka kufa. Mungu hakuruhusu, nami nilimshukuru kwa magoti, lakini sikumwuliza Eerika kwa nini. Nilijiona najua. Alimpenda msichana mwenzake, na alikuwa ametuambia hivyo mezani, tukila viazi, mbele ya wadogo zake.

Mshauri aliyetushughulikia aliitwa Mirva. Hakuwa wa imani yetu, lakini alikuwa mpole. Kabla Eerika hajaingia aliniambia, "Hilkka, leo una kazi moja tu. Uliza, kisha usikilize. Usijitetee wala usimsahihishe. Akimaliza, mwulize anahitaji nini kwako."

"Na nikiona anakosea?"

"Uma ulimi."

"Nimezaa tisa," nikamwambia. "Ulimi wangu umejaa alama za meno."

Akacheka sana. Nikaona ni dalili njema.

Eerika akaingia na soksi za sufu miguuni, maana wodini hawavai viatu. Alikuwa amekonda shingo. Nikasimama, nikampa mkono.

"Mchana mwema, mwanangu."

Akautazama mkono wangu kwanza, ndipo akaushika. "Mchana mwema, Hilkka."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. Niliuma ulimi mapema hivyo.

Sisi waumini wa huku kaskazini tuna salamu yetu. Anayeamini humshika mkono mwenzake na kumwambia, "Salamu za Mungu." Watoto wetu husalimiwa hivyo hata kabla hawajajua kutembea. Asiyeamini tunamwambia siku njema, kama watu wengine wote wanavyoambiana. Hatumtukani, hatumfukuzi, na chakula tunampa. Ni salamu tu inayobadilika.

"Nimekuletea mikate ya iliki," nikasema.

"Mingapi? Humu tuko kumi na wawili, na wote wana njaa ya mkate wa mama wa mtu."

"Ishirini."

"Haya. Leo nitaheshimiwa."

Tukakaa. Nikauliza kama nilivyofundishwa: ni lini alianza kuumia hivi?

"Unataka kujua kweli, au Mirva ndiye anayetaka?"

"Nataka mimi."

Akavuta magoti kifuani. "Siyo siku ile ya viazi. Siku ile mlipiga kelele, na kelele mimi naziweza, nimekua na ndugu watano wa kiume. Ni Ijumaa iliyofuata. Baba alirudi na lori lake la magogo. Sisi watoto tukapanga mstari mlangoni kama kawaida. Aapeli, salamu za Mungu. Lempi, salamu za Mungu. Hata Oiva, nepi imejaa mpaka inanuka, naye akapewa salamu za Mungu. Kufika kwangu: 'Siku njema.' Kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

Mirva hakucheka, wala mimi.

"Nilidhani amejisahau. Nikabaki nimeshika mkono wake. Halafu nikakutafuta wewe. Ulikuwa jikoni, mlango uko wazi, ukanitazama. Kisha ukageuza samaki kwenye kikaango."

Nilimkumbuka samaki yule. Nilitaka kusema alikuwa anaungua. Badala yake nikasema, "Nilikuona, Eerika. Nilikuona, nikageuka."

Akalia. Tangu mwezi wa kumi na moja hakuwa amelia mbele yangu. Nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, naye hakujiondoa. Mirva akaniashiria kwa macho kwamba wakati umefika.

"Unahitaji nini kwangu, mwanangu?"

"Nisalimie," akasema. "Kama Lempi. Sitaki useme ninafanya vizuri. Sitaki ugombane na wahubiri. Baba aseme analotaka. Ila Ijumaa nikiingia mlangoni, wewe unishike mkono na useme vile. Ukiniahidi, nitakuja nyumbani."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Lakini salamu ile ni ushahidi. Anayeitoa anakiri mbele za Mungu kwamba yule aliye mbele yake yuko ndani ya imani. Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, nipe neno. Na neno likaja, nami nikaamini limetoka kwake.

Kwetu muumini yeyote anaweza kumtangazia mwenzake msamaha, hata jikoni, hata garini. Humkumbatia shingoni na kuyasema maneno. Akiamini tu, yamekwisha, na salamu ni yake tangu dakika hiyo. Ndugu yangu mlevi nilimpa msamaha siku aliyokufa, akafa anatabasamu. Sikuwa na kitu kikubwa kuliko hicho cha kumpa mtu. Nikaona mlango uko wazi kabisa, kwangu, kwake, na hata kwa baba yake. Nikamkumbatia Eerika shingoni, moyo umejaa furaha, nikasema:

"Amini, mwanangu, dhambi zako zote zimesamehewa katika jina na damu ya Yesu."

Mwili wake ukakakamaa kama ubao.

"Dhambi ipi, Mama?"

"Zote. Hata mimi ninazo."

"Itaje hiyo moja."

"Hilkka," Mirva akaniita kwa sauti ya chini.

"Siwezi kutaja," nikasema. "Mungu anajua."

Eerika akaitoa mikono yangu shingoni mwake, taratibu, mmoja baada ya mwingine. "Nimekuomba salamu. Wewe unanipa sharti."

"Siyo sharti, ni neema!"

"Basi nisalimie sasa hivi, kabla sijajibu."

Nikafungua kinywa. Alingoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama midomo yangu, kama alivyoitazama alipokuwa mdogo nikipoza uji wake kwenye kijiko. Nilimnyima mtoto wangu maneno matatu, na nilimnyima nikiwa nampenda.

Mwishowe akamgeukia Mirva. "Andika Oulu."

Akasimama. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Mwambie Lempi achukue kitanda changu. Kile cha dirishani."

Nje, Tauno alikuwa ananingoja garini, injini inanguruma kwa sababu ya baridi.

"Anakuja, Mama?"

"Haji."

Akaegemeza paji la uso kwenye usukani. "Ulimtangazia msamaha?"

"Nilimtangazia."

"Basi umefanya lote uliloweza."

Alisema hivyo ili kunituliza, akanifunika miguu kwa blanketi. Nililia mpaka tukafika nyumbani.

Zamani nilimwomba Mungu ambadilishe Eerika. Siku hizi napiga magoti na maneno hayaji.

Ijumaa ile Lempi alihamishia nguo zake kwenye kitanda cha dirishani. Ana miaka kumi na mbili. Nikawa namtandikia shuka, akaniuliza, "Mama, Eerika akija kututembelea, mimi nimsalimieje?"

Nikaendelea kuchomeka shuka pembeni mwa godoro.

"Kamwulize baba yako," nikamwambia.