Wagombea Wawili Kwenye Mkeka Wangu

Amour, katibu wa tawi la chama chetu hapa Dubai, alinikuta nachambua mchele. Alikuwa bado na sare ya ulinzi, kaja moja kwa moja kutoka zamu yake kwenye magorofa ya Jumeirah Lake Towers, treni halafu basi, mpaka kwetu International City. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeleta posa. Na kweli jambo alilokuja nalo lilikuwa ndugu yake posa.

Mwaka huo, 2015, chama kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kusimama kugombea urais nyumbani. Waliochukua fomu walikuwa wengi kama kumbikumbi, lakini wawili tu ndio waliofunga safari kuja kuomba kura ya tawi letu: Daktari Musallam, mtu wa kwetu Unguja, na Mheshimiwa Gaudensi, wa bara. Tawi lina mjumbe mmoja wa mkutano mkuu, naye ni huyo Amour. Wanachama wamekaa vikao vitatu, hawakuafikiana atumwe na jina gani. Wengine karibu washikane mashati. Mwishowe mmoja akasema, si Bi Kuruthum yupo, tunagombania nini.

Walinijia kwa sababu ya kazi niliyokuwa nikiifanya nyumbani, Kwahani. Kwa miaka isiyopungua thelathini, kijana akileta posa, wazee wa binti walikuwa wakija kwangu kwanza. Nami humwalika kijana chakula kwa kisingizio chochote, nikamtazama. Maneno yake siyasikilizi sana, maana siku hiyo kila mtu ana maneno. Natazama maji ya kunawa, kama anamwachia mwenzake au anayamaliza yeye. Natazama kama mkono wake unavuka kwenda upande wa mwenzake wa sinia. Natazama anavyosema na anayemwandalia. Akipita, natoa picha ya binti kutoka kwenye pindo la kanga naiweka mkononi mwa watu wake. Picha ya binti haitoki kabla mtu hajaaminika, na akishaaminika, kumnyima ni kumtukana.

Mkwe wangu Badawi, anayepakia mizigo kule bandarini Deira, aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza, "Mama, sasa huyu atakayeshinda tutamwoza nani, nchi nzima? Mahari tutagawana vipi?"

Nikamwambia anyamaze akaninunulie nguru.

Sikukubali kwa ajili ya chama. Nilikubali kwa ajili ya Emiliana.

Emiliana ni binti wa Tabora, miaka ishirini na minne. Alikuwa akilala chumba kimoja nami, nyuma ya pazia, tangu mwezi wa pili. Alitoroka nyumba aliyokuwa akifanya kazi baada ya madam wake kumfungia pasi ya kusafiria na simu. Alipotoka, madam akaenda polisi akasema kaiba bangili mbili za dhahabu. Binti huyu hata hereni hana, masikio yamejaa vijiti vya ufagio ili matundu yasizibe. Lakini kesi imeshaandikwa. Akionekana, anakamatwa, na asipoonekana, hawezi kupanda ndege. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, na kila jioni walizungumza kwa simu ya mwanangu Khairunisa. Alichohitaji ni mtu mkubwa azungumze na yule madam taratibu, afute maneno yake, binti apewe pasi aende kwao. Nikasema, wakubwa wawili wanakuja kula kwangu. Mmoja wao hakosi kuwa mtu.

Ijumaa ya kwanza alikuja Daktari Musallam. Mrefu, mkavu, miwani imeshuka puani. Nilipika wali wa nazi, mchuzi wa nguru, na kachumbari yenye embe bichi. Alinawa haraka, maji yakamrukia Amour kwenye suruali, wala hakuona. Alikula matonge sita, nilihesabu, akasukuma sahani. Simu yake ilikuwa ubavuni mwake kwenye mkeka, kifudifudi, lakini kila ikitetemeka anaigeuza. Emiliana alipomletea chai hakusema ahsante. Alimtazama tu, akaniuliza huyu ni nani.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Mimi sitaweza. Na usimwambie mtu mwingine, bibi. Mwaka wa uchaguzi si mwaka wa kutaja jina la mtu mwenye shida."

Basi. Hakuongeza neno la kumtia mtu moyo. Aliandika namba ya wakili mmoja wa Kihindi kwenye kikaratasi, akasema anachelewa. Alipotoka, Khairunisa alikusanya vyombo kwa kishindo, akasema baba yake huyu lazima alikuwa jiwe la kusagia. Mimi moyoni nilishamkata. Mtu wa kwetu kabisa, anakula chakula changu, anashindwa hata kusema inshallah. Kile kikaratasi nilikitia kwenye droo ya vijiko.

Ijumaa ya pili akaja Mheshimiwa Gaudensi.

Mpaka leo nikiikumbuka ile Ijumaa siioni kasoro yake. Alivua viatu ngazini, kabla ya mlango. Akaniamkia kwa kupiga goti moja, mtu mzima mwenye mvi. Nilikuwa nimemwekea kiti kwa kuwa ni wa bara, akakiweka pembeni mwenyewe akakaa mkekani na miguu akaikunja vizuri. Birika lilipofika alilichukua, akamnawisha Amour kwanza, halafu Badawi, yeye akawa wa mwisho na maji yakambakia kidogo. Minofu aliisukuma upande wa wenzake, yeye akala karibu na mkia. Emiliana alipoleta chai aliinuka kumpokea sinia, akamuuliza kwao wapi, akamsalimia kwa Kinyamwezi. Binti akacheka. Tangu aje kwangu sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Badawi akaninong'oneza nikaandae udi wa harusi.

Nilipomweleza mambo ya Emiliana, Mheshimiwa alitoa leso akajifuta macho. Akasema anamfahamu mtu ubalozini, na mwingine anayejuana na familia za hapa, jambo hilo ni la wiki moja. Akaomba jina kamili na picha, kwa ajili ya faili.

Emiliana alikuwa jikoni, akasikia. Akaniita. Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo anakipotoapotoa.

"Bibi, picha hapana," aliniambia. "Jina mpe. Picha usimpe, nakuomba."

Nikamwambia huyu si wa kumwogopa. Akatikisa kichwa. Nikarudi sebuleni, na yule mtu alikuwa ameshaanza kukusanya makombo yaliyoanguka mkekani kwa ncha za vidole, moja moja, akiyarudisha kwenye sahani. Hapo ndipo nilipokwisha. Kwa miaka thelathini sikupata kumwona mchumba anayeokota makombo yake. Nikachukua simu yangu, nikaitafuta picha niliyompiga Emiliana Ijumaa moja, amevaa dera langu la zambarau, nikamtumia. Binti nilimwambia nimetoa jina tu.

Jioni hiyo nilimwambia Amour, mtu wenu ni Gaudensi. Akaandika kwenye daftari la tawi.

Jumamosi yake Mheshimiwa alikuwa na mkutano na Watanzania kwenye ukumbi wa hoteli. Sikwenda, miguu ilikuwa imevimba. Jumapili asubuhi Khairunisa akaniletea simu yake. Ilikuwa video. Mheshimiwa amesimama jukwaani, na nyuma yake, kwenye kitambaa cheupe kikubwa kama ukuta, Emiliana na dera langu. Anaeleza binti huyu katoka Tabora, katendewa hivi na hivi, madam kamsingizia dhahabu, na sasa anajificha International City kwa bibi mmoja wa Kizanzibari mwenye moyo. Akalitaja jina kamili. Akauliza ukumbi, je, huyu si dada yenu? Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Alilia tena, kwa leso ileile.

Ndipo nikafahamu nilichokosea, na kukifahamu hakukunisaidia chochote. Mchumba huja kula kwa watu mara moja, mwili unamsaliti. Huyu amekula kwenye mikeka ya watu miaka ishirini na tano, kila kijiji, kila jimbo. Mimi nilikuwa nampima samaki kama anajua kuogelea.

Video ilizunguka. Madam alikuwa na dereva wa Tanga. Sijui alimwonyesha kwa ubaya au kwa umbea tu. Tulitaka kumhamisha Emiliana kwa jamaa zake Badawi kule Deira. Jumanne saa nne asubuhi polisi walimkamata kituo cha basi, mfuko wa nguo mkononi. Badawi alikuwa naye. Anasema hakupiga kelele, aliomba tu amalizie kufunga kamba ya kiatu.

Nilimpigia Mheshimiwa mara kumi na moja. Mara ya tisa alipokea kijana mmoja, akasema mzee yuko ndani ya ndege. Nikakitoa kile kikaratasi kwenye droo. Wakili akasema ningemwona kabla hajakamatwa angeweza kwenda kuzungumza na yule madam kimyakimya. Sasa madam ametukanwa mbele ya watu, hataki kusikia.

Mwezi wa saba mkutano mkuu ukafanyika. Amour alikwenda, akampigia kura Gaudensi kama tulivyomtuma. Wakampitisha mtu mwingine kabisa, ambaye hakupata kutia mguu Dubai. Musallam alitolewa mapema, Gaudensi akafuatia. Amour alirudi na fulana mbili za chama, moja akaniletea. Nilipangusia jiko.

Mama yake Emiliana alifariki wiki ileile.

Ilibidi mtu akamwambie, na mtu huyo ni mimi. Jela iko Al Awir, si mbali na kwetu, jangwa linaanzia hapohapo. Unakaa upande huu wa kioo, yeye upande ule, mnazungumza kwa simu ya ukutani, dakika ishirini. Alikuwa amekonda shingo. Nilimpa habari ya mama yake nikiwa nimekitazama kioo, si yeye. Alilia kidogo, kwa adabu, kama aliyekuwa ameshalia kabla. Kisha akajifuta kwa mkono wa gauni akaniuliza jambo jingine.

"Bibi, ile picha ya dera. Mheshimiwa aliipata wapi?"

Ningeweza kusema aliipata kwa mtu wa tawi. Ningeweza kusema sijui. Binti hana mama, hana pasi, kesi imeahirishwa tena, amebakiwa na bibi mmoja tu katika mji huu mzima.

"Nilimpa mimi," nikamwambia. "Ulipokuwa jikoni."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliirudisha simu ukutani polepole, akahakikisha imekaa sawa, akageuza kiti akanipa mgongo. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nilikaa zote, simu sikioni, mpaka askari wa kike alipokuja kuniambia khalas, hajja, muda umekwisha.