Ukumbi Uliosikia Kwanza

Fundi lifti hakuwa mtu wa maneno. Mashemeji zake walimpa jina la Bubu tangu siku alipokuja kuposa, maana siku hiyo yote yalisemwa na mjomba wake, yeye akabaki kuitikia kwa kichwa. Miaka kumi na tisa ya ndoa haikumbadilisha. Akirudi kazini alivua viatu mlangoni, akauliza kama watoto wamepiga simu kutoka shule ya bweni, akala, akasema chakula kizuri, basi.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amezoea. Yeye aliongea kwa niaba ya wote wawili. Wateja waliokuja kushonesha sare za shule katika chumba chake cha mbele walijua kwamba kupimwa kiuno ni dakika moja, lakini habari zinazoandamana na kipimo ni nusu saa. Na alikuwa na faraja yake: mume asiyesema na mkewe, angalau hasemi na wa nje.

Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi alipomsikia akiimba bafuni, alishtuka kuliko kama angemsikia akitukana.

Haukuwa wimbo wa redioni. Aliimba sauti ya chini, akinyamaza mahali fulani, kama anayewangoja wenzake wapite kwanza. Kisha akatoka, akaipiga pasi mwenyewe shati yake nyeupe, akasema anatoka mara moja, atarudi saa sita. Hapo ndipo mke alipoanza kukumbuka Jumapili nyingine, na nyingine kabla ya hiyo. Siku zote alidhani ni kazi, kwa sababu lifti za maofisi hukaguliwa watu wakiwa hawapo. Lakini nani anayekwenda kupaka grisi akiwa amevaa nyeupe?

Alimweleza shoga yake, mwuza vitambaa. Yule hakuinua hata macho kwenye jora alilokuwa anakunja.

"Mwanamume anayejipigia pasi, shoga yangu, ana anayempigia."

Wivu ukiingia hauombi kiti. Fundi cherehani aliinusa ile shati jioni. Ilinuka sabuni na chai. Akapekua mifuko ya suruali. Akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono wa kike, herufi za mviringo, beti mbili za wimbo na chini yake maneno haya: sauti ya pili warudie polepole. Aliisoma wiki nzima kama barua ya mapenzi. Hata ingekuwa risiti ya misumari angeisoma hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata alimwacha atangulie hatua hamsini, akajifunga mtandio, akamfuata. Mume alitembea bila haraka. Alisimama dukani, akanunua pakiti mbili za biskuti. Mke alijibanza kwenye mlango wa jirani. Biskuti. Kwake yeye hajawahi kuleta hata peremende ambayo hakutumwa.

Mume aliingia katika jengo lililowahi kuwa ghala la samani, akapanda ngazi. Mke alingoja kidogo, akapanda naye, maneno yake yamejipanga mdomoni tayari. Akausukuma mlango.

Watu kama sitini walikuwa wamesimama wakiimba. Mumewe alikuwa safu ya tatu, amefumba macho, mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Mbele yao alisimama mkunga mstaafu, mama mnene mwenye mvi, akiwaongoza kwa penseli. Hakuna aliyegeuka. Maneno yaliyokuwa yamejipanga yakakosa pa kwenda, akaketi kiti cha mwisho karibu na ukuta.

Mwanamke aliyekuwa jirani naye, mwalimu wa hesabu, alimsogezea karatasi ya nyimbo na kumweleza kwa kunong'ona. Hapa hakuna sala wala mahubiri. Wenye dini huja wakitoka kwenye ibada zao, wasio na dini huja wakitoka vitandani mwao. Wanaimba, mmoja wao anazungumza juu ya jambo analolijua, wanakaa kimya dakika mbili, kisha chai. Akija mara ya pili hataitwa mgeni tena.

Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke. Fundi cherehani alipumua. Nafuu hiyo ilidumu urefu wa wimbo mmoja, kwa sababu wimbo ulipokwisha aliyekwenda mbele kuzungumza alikuwa mumewe.

Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki: Lifti Inapokwama. Bubu alianza kwa mzaha. Alisema watu wakiwa ndani ya lifti huzikodolea macho namba za juu ya mlango kama ndio waliozitunga. Ukumbi ukacheka. Akasema anayebonyeza kitufe mara saba hufika pamoja na aliyebonyeza mara moja, ila yeye hufika amechoka. Wakacheka tena. Mke hakucheka. Kila kicheko kilimchoma, kwa sababu kwa haki vicheko vile vilikuwa vyake, na watu walikuwa wanajichukulia tu.

Akaeleza kwamba kamba ikikatika lifti haianguki kama watu wanavyodhani. Kuna breki zinazokamata reli. Kisha sauti yake ikashuka.

"Mimi niliwahi kuikwamisha moja mwenyewe," alisema. "Ni miaka kumi na saba sasa. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, aliishi siku kumi na moja. Tulimzika Jumanne. Alhamisi nikaenda kazini. Nikaisimamisha lifti kati ya ghorofa ya nne na ya tano, nikakaa chini, nikalia saa nzima. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu angegonga mlango aniambie nijikaze. Waliniandikia barua ya onyo. Nyumbani nilisema nilisahau kuripoti hitilafu."

Barua ile mkewe aliikumbuka. Aliikumbuka hadi muhuri wake. Siku ilipofika alimpigia simu mama yake mzazi, akamwambia kwamba ameolewa na chuma. Mtoto hana siku tatu kaburini, yeye yuko kazini, na kazi yenyewe anaiharibu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa anafuta machozi. Akamwinamia.

"Huyu baba hana mfano. Unamfahamu?"

"Simfahamu," akajibu. Na kwa dakika ile hakuwa anasema uongo.

Zilipoanza dakika mbili za kimya alinyanyuka akatoka. Viatu vyake vililia kwenye kila ngazi, na watu sitini wakamsikia akishuka.

Mume alirudi saa sita. Akala. Akasema chakula kizuri. Siku tano zilipita hivyo, mke akisubiri neno ambalo halikuja, na kila alipowaza uso wa mwalimu wa hesabu ulioloa machozi, alihisi kama ameibiwa kitu kisichoweza kuripotiwa popote. Ijumaa aliitoa ile shati nyeupe kabatini. Hakuichana, fundi hachani nguo. Alikaa na kiwembe akaifumua mshono kwa mshono, kola, mikono, mgongo, akavikunja vipande vyote vizuri na kuvirudisha mahali pake.

Jumapili mume alifungua kabati, akasimama na mkono mmoja wa shati kiganjani.

"Ulikuja," alisema.

"Nilikuja."

"Ni wewe uliyeshuka ngazi."

Hakupaza sauti, na mke naye hakupaza, jambo lililowashangaza wote wawili. Mke alimwambia kwamba watu sitini wanamjua mwanawe. Mwalimu wa hesabu anamlilia mwanawe. Yeye aliyembeba tumboni amesikia akiwa kiti cha nyuma, kwa kudandia, kama mpita njia.

Mume alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema mengi kuliko aliyowahi kuyasema ndani ya nyumba ile kwa siku moja. Kwamba alimwambia. Mwaka juzi, mke akiwa kwenye cherehani, alimwambia kuna watu wanakutana kuimba na kuzungumza, twende wote. Mke alicheka, pini zikiwa mdomoni, akasema watu wazima wanaoimba pamoja bila harusi wapelekwe hospitali. Hakumwomba mara ya pili. Mke alipekua kumbukumbu zake akitumaini ni uongo, akazikuta zile pini.

"Na ule mwaka?" akauliza. "Miaka kumi na saba yote hii?"

"Ulikuwa unalia kila siku. Na mimi ningeanza, nani angekushika?"

"Sikutaka wa kunishika. Nilitaka wa kulia naye."

Mume alinyanyuka kitandani. Alivaa shati ya kazini yenye nembo mfukoni, akaenda hivyo hivyo.

Mke angeweza kumfuata. Badala yake alikaa peke yake akiutafuna wivu wake mpaka ukampa wazo. Jumatatu alipiga namba iliyokuwa chini ya karatasi ya nyimbo aliyopewa na mwalimu wa hesabu, akapokelewa na mkunga mstaafu. Akaomba zamu ya kuzungumza. Mkunga alisema kwa kawaida mtu huhudhuria kwanza mara mbili tatu, kisha akauliza mada ni nini.

"Siku kumi na moja," akajibu.

 Mkunga akamwita mwanangu, na kumuuliza kama mume wake ana habari.

"Atasikia pamoja na wenzake, kama nilivyosikia mimi."

Hakujidanganya. Alijua anakwenda kulipa kisasi, na alikitayarisha kisasi chake kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha ghali.

Zamu yake ilikuja baada ya wiki tatu. Mume, aliyekuwa amekwenda mbele kupanga viti, aligeuka akaona maneno ubaoni, halafu akamwona mkewe akija na gauni la bluu alilojishonea. Alikaa kiti kilichokuwa karibu, hata si safu yake.

Mwanzoni mambo yalimwendea mke vibaya. Mikono yake, iliyozoea kitambaa, haikujua pa kukaa. Alisema jina lake la kazi na kusahau lililofuata. Hakuna aliyekohoa. Basi akaanza na siku ya kwanza, na siku ya kwanza ikaivuta ya pili. Aliwasimulia jinsi mtoto alivyojikwaruza shavu kwa ukucha, wakamvisha soksi mikononi. Jinsi siku ya tano alivyopata kwikwi akakasirika, kana kwamba kuna mtu anayemfanyia makusudi. Ukumbi ulicheka kidogo, na yeye akaona kwamba kicheko kile hakikumwuma.

"Siku ya tisa alicheka," akasema. "Mkunga yuko hapa, atawaambia mtoto wa siku tisa hacheki, ni tumbo tu. Mimi nilikuwepo. Alicheka. Baba yake alikuwa kazini, akachelewa kurudi, na mimi nilikuwa nimekasirika. Nikasema moyoni, hili simpi. Nitampa kesho. Kesho yake mtoto akaamka na homa. Sikumpa tena mpaka leo."

Huo ndio uliokuwa mkuki wenyewe. Alikuwa ameupanga uwe wa mwisho, na amwangalie usoni ukiingia. Akamwangalia. Aliuona uso anaoujua vizuri, kwa sababu alikuwa ameuvaa mwezi mzima: uso wa mtu anayesikia kilicho chake kikigawiwa wengine. Alitegemea kufurahi. Alichohisi ni kuchoka, na aibu, na kitu kingine ambacho hakukitarajia kabisa. Ilikuwa rahisi. Kumwambia mtu mmoja kulimshinda miaka kumi na saba, kuwaambia sitini kumechukua robo saa. Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi mumewe alivyoweza.

Zikafuata zile dakika mbili za kimya. Safari hii hakuna aliyeshuka ngazi.

Wakati wa chai mwalimu wa hesabu alimjia, akamtazama, akamtazama na mume, hesabu ikakubali.

"Kumbe ulikuwa unamfahamu," alisema kwa upole.

"Nilidhani hivyo."

Mwalimu alimshika mkono. Kisha akamimina kikombe, akatia vijiko viwili vya sukari bila kuuliza, akampelekea fundi lifti. Vijiko viwili, kama apendavyo. Fundi cherehani aliuhisi ule wivu ukinyanyuka tena kifuani, mzima, kama haukuwa umesikia neno hata moja la yaliyosemwa pale.

Waliondoka pamoja. Walipita maduka yote mpaka wakafika kwenye kibanda cha fundi funguo, kilichokuwa kimefungwa. Hapo mume akasimama.

"Alicheka vipi?"

"Nimeshasema kule."

"Kule umewaambia kwamba alicheka. Mimi nataka kujua alicheka vipi."

Mke aliangalia kulia na kushoto. Watu walikuwa wanapita na mikoba yao. Alijaribu: akauvuta mdomo upande mmoja, akakunja pua, jicho moja likajifunga. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, barabarani, mchana kweupe. Mume aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Akaomba aurudie. Akaurudia. Akauegemea mlango wa kibanda, mabega yakaanza kumtikisika, na mkewe akasimama mbele yake kumkinga na macho ya wapita njia, yeye mwenyewe akilia bila kujifuta.

"Hilo usiwaonyeshe wao," mume alisema alipoweza.

"Siwaonyeshi."

Tangu hapo huenda wote wawili. Mke haimbi vizuri. Mkunga amemweka sauti ya tatu, ambako anasema madhara yake ni madogo. Hukaa kati ya mumewe na mwalimu wa hesabu, na anayedhani ni bahati mbaya hamjui. Chai ya mumewe humimina mwenyewe.

Nyumbani fundi lifti bado ni mtu wa maneno machache. Lakini zamu yake ya kuzungumza ikikaribia, husimama nyuma ya cherehani na karatasi mkononi, akamsomea mkewe kwanza. Mara nyingi hafiki mwisho. Kila sentensi ya tatu mke huinua mguu kwenye pedeli na kumuuliza kilichotokea kabla ya hapo, na baada ya hapo, na nani mwingine alikuwepo, kwa sababu hakubali ukumbi uje kujua sawa na yeye.