Mwenye Mbao Ataje Mkanda

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Iringa ilifunikwa na ukungu, na upepo wa baridi ulipanda kutoka bondeni ukaingia chini ya mlango wa karakana. Mvua haikunyesha, lakini mabati yalidondosha maji kana kwamba ilikuwa inanyesha.

Nilifika nimekumbatia ubao niliouviringisha kwenye kitenge. Ulikuwa ubao wa mninga, umetoka kwenye mimbari ya zamani ya kanisa letu la Nyololo. Mimbari mpya ilipoletwa, ile ya zamani ilibomolewa. Mbao zake nyingi zilikuwa za paini na wadudu walikuwa wamezila. Ubao wa mbele tu, ule ambao wahubiri waliupiga kwa viganja miaka yote, ndio uliotoka mzima.

Kwaya yetu haina gitaa. Nilisimama mbele ya baraza la wazee nikaomba ubao huo nitengeneze gitaa la kwaya. Mwombaji ni mimi, Yusta, mjane mwenye wajukuu, mwanafunzi wa darasa la jioni la kutengeneza magitaa. Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa. Wangekataa, kama asingeinuka shemeji yangu Shedrack, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, naye ni mzee wa kanisa. Alisema, "Mpeni. Ukiharibika, nitajibu mimi."

Sasa siku ya kuupasua ilikuwa imefika. Ilitakiwa tupate vibao vitatu vyembamba: viwili vya mgongo wa gitaa, na cha tatu cha kutoa mbavu zote mbili za pembeni. Ubao wenyewe ulikuwa na unene wa kidole gumba changu. Msumeno ukila kidogo, tungepata vitatu. Ukila mno, tungepata viwili na takataka, na mninga mwingine wa mimbari haupo duniani.

Darasa letu ni la jioni, lakini kupasua tunapasua Jumamosi asubuhi. Jioni majirani wote wanapika na mafundi wa kuchomelea vyuma wanafanya kazi, umeme unalegea, na msumeno unaochoka katikati ya mbao ni hatari kuliko uliozimika. Na tuna kanuni moja. Mashine yetu ni ya msumeno wa mkanda, ule utepe wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, na mikanda yake ni ya aina nyingi. Kabla ya kuwasha, mwenye mbao anataja kwa sauti mkanda anaoutaka. Wote wasikie. Kisha tunaomba, kila mtu kwa imani yake, ndipo swichi inabonyezwa. Zamani mbao ya mtu iliharibika na kila mmoja akasema si yeye aliyechagua. Tangu hapo ikawa hivyo.

Mwalimu wetu Alinanuswe ni mtu wa Mbeya, umri wa mwanangu wa mwisho. Alikuwa ameenda kwao akarudi na mikanda miwili mipya, akaitundika kwenye misumari. Yote ilikuwa myembamba kama karatasi ngumu. Mmoja ulikuwa na meno mengi madogo yaliyobanana, mwingine meno machache makubwa yenye nafasi.

"Umeamua, mama?" aliniuliza.

"Ule wa meno mengi. Unaacha uso laini."

Alifuta meza ya mashine kwa kitambaa, polepole mno.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji Shedrack na gunia begani. Alikuwa ametoka Nyololo alfajiri. Nilipiga goti.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Inuka, sakafu ina baridi." Aliweka gunia chini akatoa mkanda uliokunjwa, akaufungua kwa ustadi. Ukaruka na kusimama duara mbele yetu, unang'aa. "Nimekuletea huu. Nimeukata kwa kipimo cha mashine yenu, nimeuchomelea, nimeyafungua meno yake moja moja kwa mkono. Nisingekuacha na vidude vya dukani."

Shemeji alinoa misumeno ya kupasulia magogo kiwandani Mufindi mpaka alipostaafu. Kule kila mtu anajua kwamba paini mbichi ina utomvu, na mkanda usiofunguliwa meno vizuri, moja kushoto moja kulia, unakwama. Na ya mkanda huu aliyafungua sana. Nilihesabu hilo kuwa upendo, na lilikuwa upendo kweli.

Farhan, mwanafunzi mwenzangu anayeuza vitambaa sokoni, alipiga mluzi. "Mzee, huu ni mkanda au mamba?"

"Mamba anachoka," shemeji alisema. "Huu hauchoki."

Alinanuswe alimwamkia kwa heshima, akaugusa mkanda, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Ni kazi nzuri sana, mzee. Tuujaribu kwanza kwenye kipande kingine."

Waliufunga kwenye mashine. Kipande cha mninga mbovu kikaingia haraka, vumbi likaruka kama unga. Shemeji alitabasamu. Lakini ndani ya mlio kulikuwa na sauti nyingine ndogo, tik, tik, tik, kila mkanda ulipomaliza mzunguko. Alinanuswe akazima kabla kipande hakijakatika chote. Aliuzungusha kwa mkono mpaka penye kiungo, pale shemeji alipouchomelea, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele.

"Magurudumu ya kiwandani ni makubwa kuliko mlango huu, mzee. Haya yetu ni madogo. Chuma kinene kikikunjwa hapa mara nyingi, kinavunjika."

"Nilianza kunoa misumeno baba yako hajaoa," shemeji alisema.

"Ni kweli, mzee."

"Ufa nitauchomelea upya. Haujafa."

Mimi sikuwa nikiutazama ufa tena. Nilikuwa nimeingiza ukucha kwenye njia iliyopasuliwa, nao ukaingia bila kugusa upande wowote. Nilipima, nikajumlisha kwa penseli juu ya meza. Mipasuo miwili ya mkanda ule ingekula kibao kizima. Mbavu zangu zote zingegeuka vumbi la kufagia.

"Yusta," shemeji alisema. "Taja mkanda."

Nilifumba macho. Bwana, nipe neno la kweli, na unipe namna ya kulisema. Sikupata namna. Nilipata neno tu.

"Nisamehe, shemeji. Mkanda wako siutaji. Utakula mno."

Hakufoka. Alichukua kitenge changu akaanza kuuviringisha ubao. "Basi ubao unarudi Nyololo. Nitawahi basi la mchana."

"Shemeji..."

"Nani atasimama mbele ya wazee? Mwalimu wako? Huyu muuza vitambaa? Nilitoa neno langu, Yusta. Siwezi kutoa neno juu ya karatasi zenye meno."

Nilishika upande mmoja wa ubao, naye alikuwa ameshika upande wa pili. Hatukuvutana. Tulishika tu, na hakuna aliyeachia.

"Jamani," Farhan alisema taratibu, "mimbari ni mimbari, hata kwetu ipo. Mkiivuta hivyo itapasuka bila umeme."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta.

"Shemeji," nilisema, "kabla hujaondoka, nikagulie mkanda niliotaka kuutaja mimi. Ukiniambia ni mbaya, nitakufungia ubao kwa mikono yangu."

Kisha akaweka ubao mezani, mkono mmoja bado uko juu yake, akapokea ule mkanda wa meno mengi. Aliupitisha kidole gumba, hata akaunusa, kama mtu anayekagua siagi.

"Vumbi litakwenda wapi?" aliuliza.

"Vumbi gani?"

"Ubao utasimama kwa upana wake. Jino linaingia juu, linachimba mpaka linatokea chini. Njia yote hiyo linabeba vumbi. Meno yamebanana, hakuna pa kuliweka. Litabaki njiani, mkanda utapata moto, utaanza kutangatanga. Hapo hata viwili hupati."

Nilimgeukia mwalimu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni kweli anachosema?"

"Ni kweli, mama. Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Ulikuwa unasubiri!"

"Mwenye mbao ndiye anayechagua. Nisingekuacha ubonyeze swichi."

"Mwalimu," Farhan alisema, "siku ukiniona naungua moto, usisubiri nikuulize."

Safari hii hata shemeji alitikisika mabega kidogo. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaribia kuuharibu ubao kwa sababu ya kupenda uso laini, uso ambao randa na msasa vingenipa bure. Nilikwenda ukutani nikautoa mkanda wa pili, wa meno machache, nikampa shemeji kwa mikono miwili.

Aliukagua muda mrefu zaidi.

"Meno ni kama ya kwangu," alisema mwishowe. "Vumbi lina pa kukaa. Lakini bati lake ni karatasi."

"Karatasi hiyo ndiyo itakayonipa kibao cha tatu."

"Na ikiyumba?"

"Nitakwenda polepole."

Aliutoa mkono wake juu ya ubao. Hakuonekana kufurahi. Alikaa juu ya kreti karibu na mlango, akafungasha mkanda wake ndani ya gunia. "Pasueni. Nitatazama."

Nikataja kwa sauti: "Mkanda mwembamba, wa meno machache." Tukaomba. Farhan alisema bismillahi yake, mimi nikasema Baba Yetu mpaka mwisho bila kuruka neno. Mwalimu aliukaza mkanda mpaka alipoupiga kwa kidole ukalia, akasogeza kizuizi cha pembeni, akabonyeza swichi.

Mpasuo wa kwanza ulikwenda vizuri. Sikusikia kitu chochote duniani ila mlio ule mmoja usiobadilika. Kibao cha kwanza kiliangukia mikononi mwa Farhan, chekundu ndani kama nyama. Harufu ya mninga ikajaa karakana.

Mpasuo wa pili ulifika katikati, mlio ukashuka. Ubao ule wa zamani ulikuwa na ukaidi wake ndani. Ulipofunguliwa ulianza kujifunga nyuma ya mkanda, ukaubana. Harufu ikageuka ya kuungua. Mkanda ukaanza kuinama upande wa kibao changu cha tatu, kidogo, kidogo, nami nikauona ukiinama. Mikono yangu ikataka kuvuta.

"Usirudi nyuma!" Shemeji alikuwa tayari amesimama. "Ukivuta utautoa kwenye magurudumu. Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Mkanda ulikuwa unazunguka kiganja kimoja tu kutoka vidole vyangu. Mwalimu alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime! Ukizima utabanwa humo humo." Shemeji aliokota kibanzi cha paini chini, akakivunja kwa goti, akazunguka nyuma ya mashine. Hakutafuta nyundo. Alikisukumiza kwa kiganja ndani ya njia iliyokwisha kupasuliwa, kama kabari, mpaka ubao ukafumbuka. Mlio ukapanda tena.

"Sasa twende," alisema. "Usisukume. Usindikize. Kama unamsindikiza mgeni, usimtangulie."

Nikausindikiza. Alikuwa ananong'ona kitu, na mimi nilikuwa nanong'ona kitu, na sijui kama ni maombi yale yale. Ubao ulitoka upande wa pili. Mwalimu akazima, na mkanda ukachukua muda mrefu kusimama.

Vibao vitatu vilikuwa mezani. Alinanuswe akavipima, cha tatu akakipima tena. Pale mkanda ulipoinama, mwisho mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine.

"Kinatosha?" niliuliza.

"Kwa mbavu, kinatosha. Mbavu tunazipunguza hata hivyo. Lakini zitapita kwenye bomba la moto kukunjwa, na hapa penye wembamba panaweza kupasuka. Siwezi kukuambia hapatapasuka, mama. Nitakuwa nakudanganya."

Shemeji alikuwa anajifuta kiganja kwenye suruali. Kilikuwa kimechubuka. Nilitaka kukisafisha, akakataa kwa kichwa.

"Yusta," alisema. "Niliwaambia wazee nitajibu mimi."

"Ndiyo, shemeji."

"Leo umeukataa msumeno wangu mbele ya watu. Sikulaumu. Ungekula mno, nimeona. Lakini siwezi kuujibia ubao ambao si mimi niliyeuchagulia msumeno. Hiyo itakuwa kusema uongo kanisani."

Nilisikia baridi ya sakafu ikipanda miguuni. Bila neno lake, wazee wangeweza kuvidai vibao hata kesho.

"Basi nifanyeje?"

"Ujibu wewe. Usiniambie mimi pembeni. Waambie hawa, kwa sauti, nami nitayafikisha maneno yako barazani kama ulivyoyasema. Bila kupunguza, bila kuongeza."

Farhan alisogea karibu, na hakuwa na utani usoni. Wanafunzi wengine waliacha walichokuwa wanafanya. Alinanuswe akavua miwani ya kazi. Niliweka kiganja juu ya vibao vitatu, bado vilikuwa na joto la msumeno, na nikasema:

"Mimi Yusta, mbele za Mungu na mbele yenu ninyi mashahidi, ubao wa mimbari ya Nyololo naujibia mimi tangu saa hii. Ubavu ukipasuka, nitasimama kanisani mwenyewe nikiwa na kipande mkononi, na sitamtaja shemeji, wala mwalimu, wala mkanda. Usipopasuka, gitaa litaingia kanisani Sikukuu ya Mavuno, na atakayelibeba kulipitisha mlangoni ni shemeji yangu Shedrack. Naahidi."