Mtu Aliyeuliza Kina cha Maji

Msa alianza kuja barazani kwangu Ambondrona, kisiwani Nosy Be, mwezi wa sita mwaka 1978, na siku ya tatu tu nilikwisha kumwogopa.

Sababu ni maswali yake. Watu wengine, nikisimulia jinsi sisi askari wa Waingereza tulivyoteremka ufuoni kaskazini ya Mahajanga mwaka wa arubaini na mbili, huuliza habari za mizinga, au kama niliua mtu. Yeye aliuliza kina cha maji. Aliuliza boti ilikwama hatua ngapi kutoka nchi kavu, na mawe yalikuwa upande gani. Nikishajibu huaga, na kesho yake anauliza lilelile kwa njia nyingine.

Mwezi mmoja kabla, mamluki walikuwa wameteremka Ngazidja, kisiwa kikuu cha Komoro, kutoka baharini na kuipindua serikali. Kila Mngazidja aliyebaki Madagaska alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi na mke wangu Koulsoum tulikwisha kutazamwa vya kutosha. Desemba ya 1976, huko Mahajanga, nyumba yetu ilichomwa moto na majirani zetu wakauawa. Waliosalia walipelekwa Komoro. Sisi tukakimbilia Nosy Be kwa dada yake Koulsoum. Basi mtu nisiyemjua anapouliza namna ya kuteremsha askari ufuoni, naona mawili tu: ama ni mpelelezi anayenitega, ama ana watu wake baharini.

"Wewe ni wa wapi?" nilimuuliza kwa Kimalagasi, lugha tuliyozungumza.

"Karibu tu, Mzee Chaher."



Koulsoum alimpelekea chai, kisha akaniambia, "Mtu yule ana huzuni, Baba Zaïtoun."

"Ana daftari," nikamjibu.

Nilikuwa nimeliona. Ndani yake alichora ufuo kwa penseli, na mawe, na hata pale ilipokuwa bunduki ya mashine ya Wafaransa.

Nikaenda kwa Soulé, mwenyekiti wa mtaa wetu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Asubuhi askari wawili wakamchukua Msa mbele ya baraza langu. Alinitazama. Nami, nasema kweli, nilipumua.

Walimweka ndani siku tisa. Siku ya kumi Soulé alikuja na lile daftari, akaliweka mapajani mwangu.

"Ni mwalimu wa shule, kisiwani Sakatia," akasema. "Baba yake alikuwa askari wa Wafaransa, akafa kwenye ufuo huohuo wako. Alisikia kwamba wewe husimulia habari za askari wa Sakatia uliyemnywesha maji kabla hajakata roho. Alitaka kujua kama ni kweli au ni maneno ya barazani."

"Mbona hakusema?"

"Anasema angesema, ungemwambia anachotaka kusikia."

Yale maji niliyatunga mwenyewe.

Lililotokea ni hili. Nililelewa Mahajanga, nikaandikishwa jeshi la Waingereza nikiwa Mombasa, na kwa kuwa niliujua mji nikapewa kikosi kimoja niwe mkalimani wao. Alfajiri boti yetu ilikwama kwenye fungu la mchanga. Mlango wa mbele ulipoanguka tukaruka, maji yakanifika kifuani, bunduki nimeiinua juu ya kichwa, mdomoni ladha ya matapishi. Risasi zilikuwa chache, kisha zikakoma. Nyuma ya mawe nikamkuta askari amelala, tumbo limepasuka. Aliponisikia nikiwaita wenzake wajisalimishe, akanambia kwa Kingazidja, "Nipe madji." Akasema yeye ni Ibouroi wa Sakatia. Chupa yangu ilikuwa kiunoni, imejaa. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umefukiwa mchangani, nami nikadhani ameshika bomu. Nikampita kwa mbali. Niliporudi adhuhuri alikuwa maiti, na mkononi hamkuwa na kitu.

Alipoachiwa nilivuka kwenda Sakatia kumrudishia daftari, nikamkuta Msa mlangoni pa darasa. Amekonda. Nikamwambia nitampeleka akaone mahali penyewe.

"Utanipeleka huko," akauliza, "au kwa askari wengine?"

"Njoo na yeyote umtakaye."

Alikuja peke yake, lakini katika boti ya mizigo alikaa mbali nami siku zote mbili. Mahajanga nilipita kichwa chini. Kila aliyenitazama nilimdhania kuwa ndiye aliyeshika kiberiti. Tukapanda gari hadi karibu na kijiji cha Antsanitia, tukamalizia kwa miguu. Mawe yalikuwa palepale.

"Sikumpa maji," nikasema. "Aliomba. Nilidhani ana bomu."

"Alikuwa nalo?"

"Hakuwa nalo."

"Na mimi," akasema Msa, "ulidhani nina nini?"

Alitembea hadi majini, akarudi. Macho yalikuwa mekundu.

"Alizikwa na nani?"

"Na mimi, na askari wawili niliowaomba wanisaidie. Tulimwelekeza kibla. Pale, juu ya mstari wa maji."

Alinikazia macho muda mrefu, kama anayetafuta ufa katika maneno yangu. Mwishowe akasema, "Hilo nitamwambia mama." Akainua mikono kusoma Fatiha. Nami nikainua yangu, hatua chache nyuma yake.

Alirudi kwa boti nyingine, na kwa miaka mitatu hakukanyaga Ambondrona. Nami sikusimulia tena habari za ufuo; watu walidhani nimezeeka. Kisha mama yake, Hayrat, akafariki, na Msa akanitumia habari. Koulsoum alinitolea kanzu bila kuuliza. Niliwakuta wamekwisha kuliinua jeneza. Msa aliniona, akasogea kidogo, nikaingiza bega langu nyuma ya lake. Tukaenda hadi makaburini.