Kioo cha Kwenye Ufa

Mjinga wa kisa hiki alikuwa mwalimu mwenyewe, tusizunguke mbuyu. Wala hakuwa mjinga wa kuzaliwa. Ujinga wake aliupika kwa mkono wake, akauandalia na meza.

Alifundisha ujenzi katika chuo cha wasanifu majengo: misingi, kuta, boriti, zege linavyoshika na tofali linavyochoka. Wanafunzi walimwita Mzee Msingi, kwa sababu hata akiulizwa habari za paa, jibu lake lilianzia chini ya ardhi. Darasani alikuwa mcheshi. "Nguzo isiyobeba kitu," angesema, "ni kama shemeji asiyeondoka: nafasi anachukua, kazi hana." Darasa likiangua kicheko, naye akicheka. Kisha viti vinasukumwa, milango inabamizwa, na yeye anarudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja kinachooshwa, vingine vikila vumbi kabatini. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe alikuwa nchi ya mbali, simu zake fupi kama kokoto: "Baba, mzima? Haya, nakimbilia kazini."

Ukuta wa sebule yake ulikuwa na ufa, kutoka pembe ya dirisha hadi karibu na sakafu. Muhula ulipoanza, aliwaleta wanafunzi wauone. Akawaonyesha kazi ya mafundi wa zamani: unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kuvuka ufa, kila upande ukikishika kwa jasi, ile plasta nyeupe inayokauka upesi, halafu unasubiri. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika.

"Kikikatika, ufa uko hai," aliwaambia. "Kikibaki kizima, ufa umekufa. Zibeni, pakeni rangi, mwende zenu. Kioo hakina uongo."

Siku ile sebule ilifurika. Watu walikaa hadi sakafuni, vikombe vyote vikafanya kazi, na bakuli zikaitwa kusaidia. Walipoondoka, mwalimu alikuta kiti kimegeuzwa kikitazama dirisha. Tangu hapo alikiacha vivyo hivyo, akikipita kwa adabu, kama kimekaliwa.

Alhamisi iliyofuata walirudi kukagua. Kioo kizima. Na ile iliyofuata, kizima. Wakaanza kutazamana, na mmoja akauliza kama somo la ufa limekwisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu aliona kwamba akiuziba ufa, atabaki na ukuta tu.

Basi Jumatano alichukua nyundo ndogo, akakohoa kama mtu anayebisha hodi, akakigonga kioo. Ta! Asubuhi akampigia simu kiongozi wa darasa: "Kimekatika! Njooni wote!"

Chai ilikuwa tayari, mizaha tayari mdomoni, aliposikia gari. Akachungulia. Lilikuwa pikapu limejaa mirunda, ile miti ya kutegemezea zege bichi, pamoja na mifuko ya mchanga na saruji.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kiongozi wa darasa, binti waliyemwita Timazi, kama ule uzi wa fundi wa kunyooshea ukuta, kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichopinda.

"Marahaba. Mbona mmekuja na msitu?"

"Si ulitufundisha mwenyewe? Ukuta ukitembea, kwanza unatoa watu, pili unategemeza dari, maswali baadaye. Chuo kimekupa chumba bwenini. Zege, lete godoro la mwalimu."

Zege, kijana mnene mwenye moyo wa siagi, alikwisha kujitwisha godoro kichwani.

"We! Teremsha godoro langu!" Mwalimu alikijua chumba kile: kitanda cha mtu mmoja, kiti kimoja, na mlango ambao hakuna aliyewahi kuugonga. "Ukuta huu mzima kuliko mimi!"

"Kioo kimekatika, mwalimu."

"Kioo nacho ni nani? Kinaweza kukosea."

"Ulisema hakina uongo."

Mwalimu alikuwa kama mchimba kisima aliyetumbukia mwenyewe, akiwatazama waliomshushia kamba, na hakuthubutu kuishika. Akikiri, ni aibu. Akinyamaza, usiku huu atalala bwenini.

Timazi alikuwa amechutama ukutani. Akapitisha kidole juu ya kioo, taratibu. Kioo kinachokatwa na ukuta huacha mstari mmoja, unaofuata ufa. Hiki kilikuwa na nyota katikati, miale yake ikitawanyika kila upande. Jasi haikuwa imesogea hata chembe.

"Zege, rudisha godoro," alisema. "Na nyie wengine, teremsheni mchanga na saruji. Miti iacheni." Walipotoka, akageuka. "Mwalimu, kioo hiki kimepigwa."

"Labda paka."

"Unafuga paka?"

"Wa jirani."

Timazi akatazama nyundo iliyolala kwenye kizingiti cha dirisha. "Na nyundo ni ya paka wa jirani?"

Mwalimu alijaribu kucheka. "Ulikuwa mtihani. Wa kushtukiza. Na kwa kuwa umefaulu wewe peke yako, itabidi darasa lirudi Alhamisi, tubandike kingine, na Alhamisi nyingine tena, maana ufa ni jambo la kufuatilia, huwezi tu…"

Timazi alikwenda kwenye kile kiti kilichotazama dirisha, akakigeuza kikatazama vingine. Kisha akaichukua nyundo, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Ufa umekufa, mwalimu, tunauziba leo," alisema. "Alhamisi tunakuja kama kawaida. Wewe chemsha chai. Nyundo naondoka nayo mimi."