Profesa Alipomsaidia Mshoto

Mama mmoja aliingia klabu Jumapili alasiri, mkoba kwapani, roho juu juu. Binti yake alikuwa amejifunza udijei chumbani miezi minane, mpaka majirani wakambatiza jina la Spika. Leo anajaribiwa. Sharti la meneja lilikuwa moja: kwa saa nzima watu wasiache kucheza. Wakibaki uwanjani, kila Jumamosi ni yake. Wakirudi vitini, ndiyo basi tena.

Mama alikuja kumlinda. Akakaa karibu kabisa na meza ya mashine za muziki, hata soda yake ikawa inatetemeka kwenye chupa. Chupa aliifungua kwa mkono wake, mtu asije akamtilia kitu. Na wewe msichana unayesoma haya, ya kwako ifungue mwenyewe.

Madijei wa pale walikuwa sita, wanaume watupu, na mkubwa wao walimwita Profesa. Alimtazama Spika akichomeka nyaya, akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, hizi si pasi. Ukizishika vibaya unaunguza ukumbi."

"Basi simama mbali, kaka, usije ukaungua."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama akaubana mkoba. Mdomo ule aliujua, ulitoka kwake.

Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaingia na hakuna aliyejua umeingia saa ngapi. Watu wakajaa uwanjani. Baba mmoja mwenye kitambi akavua koti, akalitupa mbali.

Hapo ndipo msaada ulipoanza. Profesa akaja kusimama bega kwa bega na Spika. Kwa mkono huu anapunguza besi, kwa ule anawapungia watu kana kwamba kazi ni yake. Spika akiutoa mkono, mkono unarudi.

"Yule kaka ni hatari kwa muziki," akasema mwanamke wa meza ya jirani. "Na yule msichana ni wa kumshikia nyaya?"

Maneno yale yalimchoma mama. Wiki nzima alikuwa akiogopa walevi, na huyu hakuwa amekunywa hata maji. Anatabasamu tu, na kazi ya mtoto wake inaondoka mbele ya macho ya watu. Akainuka akamvute shati. Hakuwahi.

Spika ni mshoto. Nyaya zake huzipishanisha, ya mashine ya kulia anaichomeka upande wa kushoto wa kisanduku cha kuongozea sauti, na ya kushoto upande wa kulia, ndivyo alivyozoea nyumbani. Profesa hakuuliza. Aliona mashine ya kulia imetulia inangoja wimbo ujao, akashusha sauti ya upande wa kulia mpaka mwisho, akidhani ni ya mashine hiyo. Kumbe upande ule ndio uliobeba wimbo wenyewe.

Kimya. Watu wakageuka wote, na mkono wa Profesa bado uko pale pale, umeganda. Wawili watatu wakaanza kurudi vitini. Mama akafumba macho.

Spika akashika maikrofoni. "Jamani, kaka yangu alitaka kujua kama mko macho. Mpigieni makofi, anakwenda kukaa!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Spika akapandisha sauti, wimbo ukarudi katikati ya kiitikio, na waliokaa wakasimama tena. Profesa akatafuta kiti. Kilichobaki kilikuwa kwenye meza ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Mikono iweke juu ya meza niione."

Saa ilipokwisha hakuna aliyekuwa amekaa ila Profesa, na yeye alikuwa chini ya ulinzi. Meneja akampa Spika mkono: Jumamosi ni zake.

"Ulimtegea?" mama akauliza, binti akikunja nyaya.

"Hata! Angeuliza ningemwambia."

"Sawa. Lakini siku nyingine usingoje mpaka muziki uzimike. Mtu akinyoosha mkono kwenye kazi yako, sema hapo hapo."

"Nitasema, mama."

"Sema kwa nguvu. Maana nikija kusema mimi, utaona haya."