Ishara ya Kopa

Amri wa kwetu Mnero ana tabia moja: akikaa kwenye karata, macho yake yote yako kwa wapinzani. Anajua nani hulamba midomo akishika ree, karata kubwa kupita zote, nani hukohoa akiwa mtupu. Mwenzake wa timu, Selestini, Amri hakuwa na haja ya kumchunguza, maana walikuwa na ishara zao tangu ujana. Akigusa sikio, ana shupaza nzito. Akishika kifua, ana ree ya kopa, zile karata zenye alama ya moyo. Ishara zimekatazwa kwenye mashindano, na sijaona timu isiyokuwa nazo.

Mwaka huu, ufuta ulipokwisha kuuzwa, walifika fainali Nachingwea mjini. Asubuhi ile Koleta, mke wa Selestini, alimfuata Amri mpaka kwenye bodaboda. Zahanati walishamwambia mumewe kwamba moyo umechoka, apumzike, naye hasikii la mtu.

"Shemeji," akasema, "ukimwona anashika kifua, achaneni na karata, umrudishe nyumbani."

Amri akaitikia. Wanaume wawili wazima, na hakuna aliyefikiria kubadilisha ishara. Mpaka leo jambo hilo linanikera.

Wapinzani walikuwa Imrani na Dastani, kutoka Ruangwa. Turufu ilikuwa kopa. Raundi ya mwisho timu zilikuwa zimekaribiana, na Amri alikuwa na saba ya kopa, karata nono inayoshindwa na ree tu. Ree ilikuwa haijatoka. Ikiwa kwa Selestini, saba inapita salama na mbuzi wa zawadi analala Mnero. Ikiwa kwa Ruangwa, kwisha habari.

Akapiga hesabu. Imrani hana: muda mfupi nyuma aliacha karata nene ipite, na mwenye ree asingevumilia. Dastani alikuwa anabwabwaja habari za mpira, na tunavyomjua Dastani, akiwa na kitu huwa bubu. Amri akainua macho kumtazama mwenzake. Selestini alikuwa ameshika kifua.

Nilisimama karibu, nikaona Amri anasita. Alimkumbuka Koleta, aliniambia mwenyewe baadaye. Lakini Selestini alikuwa kama anatabasamu, jasho lilikuwa linatutoka sote kwa jua lile, na hesabu yote ilisema ree iko pale. Ningekuwa mimi, ningeamua vilevile. Akaipiga saba mezani.

Imrani akafuata na kopa ndogo. Selestini akatupa karata ya pau.

Kwenye mchezo wetu, kopa ikichezwa, mwenye kopa lazima aitoe. Selestini hakuwa nayo hata moja. Dastani akaweka ree, huku bado anaongea mpira, na watu wa Ruangwa wakaanza kushangilia. Amri hakuiangalia ile ree. Alikuwa ameshapindua meza kumfuata mwenzake.

"Nilikuwa nakuita," Selestini akamwambia polepole, kama vile yeye ndiye anayeomba radhi.

Tulimpakia kwenye bajaji, Amri amempakata kichwa. Tulipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Msibani Amri alikaa pembeni ya mkeka, chakula hagusi. Baada ya maziko Koleta akaja kuchutama mbele yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilituumiza zaidi.

"Shemeji, kwani hakushika kifua?"

Uso wa Amri haujawahi kutoa siri ya karata hata moja. Angesema hapana, Koleta angeamini, na sisi tulioona tungenyamaza naye maisha yetu yote.

"Alishika," akasema. "Nikadhani ana kopa."

Koleta hajawahi kucheza karata maishani mwake. Akamuuliza, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kopa ni kitu gani.